Stendi ya mkono ya kupima vifungo: geji ina cheti kipya, namba zake bado zinayumba

sindano_90 aliuliza:

Wakuu, habari za kazi. Tuna stendi ya mezani ya kupimia nguvu, ile ya gurudumu la mkono, na geji ya kidijitali ya 500 N (nyutoni, kizio cha nguvu). Kazi yake ni moja tu: kuvuta vifungo vya kubonyeza vya chuma, vile vya pete yenye meno, kwenye nguo za watoto wachanga. Juu kuna klampu ya taya tatu inayokamata kifungo, chini kuna klampu ya duara inayobana kitambaa kukizunguka.

Mnunuzi wa Ulaya anataka 90 N kwa sekunde 10. Wa Marekani ameandika 15 lbf (pauni za nguvu), sekunde 10 vilevile.

Shida ni mtawanyiko. Kitambaa kimoja, presi moja ya kufungia vifungo, zamu moja, halafu kifungo hiki kinang'oka kwa 71 N na kinachofuata kwa 118 N. Cheti cha geji kina miezi miwili tu. Stendi imewekwa juu ya meza ya mbao bila kufungwa, na geji iko kwenye modi ya kilele muda wote, ile inayobakiza kwenye skrini namba ya juu kabisa iliyofikiwa. Nianzie wapi? Gurudumu lizungushwe kwa mwendo gani? Na kuna njia ya kuhakiki geji hapohapo bila kuipeleka maabara kila mara?

pimamaji alijibu:

Cheti kinasema geji inasoma sawasawa nguvu inayopita kwenye mhimili wake. Kuhusu nguvu inayovuta kwa upande, cheti kimenyamaza. Kifungo kikivutwa mshazari, meno ya upande mmoja yanabeba mzigo wote, yanachomoka moja baada ya jingine, na unapata 71 mahali ambapo kifungo kilekile kikivutwa wima kingezidi 100. Kwa hiyo nyoosha kwanza, mengine yafuate.

Anza na meza. Stendi ifungwe kwa boliti kwenye meza nzito, karibu na ukingo, ili mkono uzungushe gurudumu bila kugonga kitu. Kama mbao ni laini, weka wosha pana upande wa chini, la sivyo nati itazama na baada ya wiki stendi itacheza tena. Weka pimamaji juu ya bamba la chini, kwa urefu kisha kwa upana, usawazishe kwa vipande vya bati chini ya miguu, ndipo ukaze boliti. Ukikaza kabla ya kusawazisha unalipinda bamba lenyewe.

Geji hushikwa kwenye kibebeo kwa skrubu za nyuma. Soma kitabu chake uone skrubu ziingie kiasi gani ndani ya kasha. Ndefu mno hugusa bodi ya ndani, na hapo hakuna cha kurekebisha. Klampu ya juu ifungwe kwenye mhimili wa geji kwa vidole. Kama kuna nati ya kukazia, tumia spana mbili, moja kwenye nati na moja kwenye klampu, ili nguvu ya kukaza iishie kati yake. Ukitumia moja, mzunguko wote unaingia kwenye seli ya mzigo, yaani kihisio cha nguvu kilicho ndani ya geji.

Sasa timazi. Kabla ya kufunga klampu ya juu, weka ndoano kwenye geji, ning'iniza timazi, na pale ncha inapoelekea utie alama kwenye bamba. Pandisha geji hadi karibu na juu kabisa, refusha uzi, utazame tena. Ncha ikirudi palepale, nguzo imesimama wima. Ikihama zaidi ya mm 1, nguzo imeegemea: rudi kwenye vipande vya bati. Alama hiyo ndiyo kitovu cha klampu ya chini. Usiitafute kwa macho. Ukisimama mbele ya stendi unaona kosa la kushoto na kulia, lakini la mbele na nyuma hulioni, na ndilo linalotokea zaidi, kwa sababu kila geji ina unene wake na hutokeza mbele ya nguzo kwa kiasi chake. Ukibadilisha geji, rudia timazi.

Shika geji uisukume kidogo kushoto na kulia. Kibebeo kikicheza kwenye nguzo, kaza skrubu za reli robo mzunguko kwa zamu, hadi mchezo uishe na gurudumu bado lizunguke kwa wepesi uleule kuanzia chini hadi juu. Kama bajeti ipo, weka kiungo cha kuzunguka kati ya geji na klampu ya juu. Kwa kazi ya kuvuta, kiungo hicho kinasamehe kosa dogo linalobaki. Kwa kazi ya kusukuma kitoe, maana kitajikunja.

robo_milimita alijibu:

Naongeza kwenye mwendo na modi, maana swali lako limechanganya vipimo viwili.

90 N kwa sekunde 10 ni kipimo cha kushikilia: unafika kwenye mzigo, unakaa hapo, kifungo kinabaki au kinatoka. Jibu ni ndiyo au hapana. Kuvuta hadi king'oke na kusoma kilele ni kipimo kingine, kinachokuonyesha akiba uliyonayo na kama presi inabadilika. Vyote vina faida, ila usimpelekee mnunuzi kilele kama jibu la swali la kushikilia. Kifungo kinachofika 95 N kwa kuvutwa haraka kinaweza kutoka kwenye sekunde ya nne kikishikiliwa 90.

Kanuni za Marekani, 16 CFR 1500.51 hadi 1500.53, zinataka mzigo upande kwa usawa ndani ya sekunde 5, kisha ushikiliwe sekunde 10. Kwa vitu vya watoto wa hadi miezi 18 ni 10 lbf, yaani 44.5 N, kuanzia hapo hadi miezi 96 ni 15 lbf, yaani 66.7 N. Mnunuzi wako ameandika 15 kwa nguo za wachanga, amekaza kuliko kanuni, na neno lake ndilo la kufuata. Hiyo 90 N utaikuta kwenye EN 71-1, kiwango cha vichezeo cha Ulaya: 90 N kwa sehemu inayozidi mm 6, 50 N kwa isiyozidi. Wanunuzi wa nguo wameiazima.

Gurudumu: tia alama ya chaki kwenye ukingo wake, zungusha mara kumi, pima kibebeo kimepanda mm ngapi. Tuseme ni mm 20, basi kila mzunguko ni mm 2. Halafu vuta sampuli moja ya kutupa uone kitambaa kinanyumbuka kiasi gani hadi 90 N. Kikinyumbuka mm 10, unahitaji mizunguko 5 ndani ya sekunde 5, mmoja kwa sekunde. Fungua programu ya metronomu kwenye simu, iweke mapigo 60 kwa dakika, na mkono ufuate mlio. Watu wawili wakizungusha kwa kufuata mlio, namba zao zinakaribiana. Wakizungusha kwa hisia, kila mtu ana stendi yake.

Sasa kushikilia. Ukifika 90 na kuacha gurudumu, skrubu ya stendi inajifunga lakini kitambaa kinaendelea kulegea, hasa cha kufuma kwa mashine kama cha fulana. Ndani ya sekunde chache mzigo unashuka, na geji iliyo kwenye modi ya kilele itaendelea kukuonyesha 90 kwa unyenyekevu kabisa. Umepima sekunde moja, umeandika kumi. Weka modi ya wakati halisi, mkono ubaki kwenye gurudumu, ongeza kidogokidogo kila mzigo unapoteremka. Stendi ya mpini, isiyo na gurudumu, haifai kwa kazi hii kwa sababu mkono ndio unaobeba mzigo, na mkono hutetemeka.

sindano_90:

Asanteni sana. Timazi imeonyesha klampu ya chini iko nje kwa mm 6, kuelekea nyuma, kama alivyosema pimamaji. Baada ya kusogeza na kufunga boliti, vifungo kumi vya kundi lilelile vimetoa 86 hadi 112 N. Afadhali, lakini bado. Kuna viwili ambavyo tarakimu zilipanda, zikasimama kidogo, zikapanda tena. Hiyo ni nini?

chaki_ya_fundi alijibu:

Kusimama kidogo kisha kupanda tena ni kitambaa kuteleza kwenye klampu ya chini. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kuvuta, zungushia mstari wa chaki kwenye kitambaa palepale ukingo wa duara unapobana. Baada ya kuvuta, mstari ukiwa umeingia ndani ya duara, sampuli hiyo imeharibika. Usiiandike kama imepita wala imeshindwa. Kagua mpira au vinyweleo vya klampu, vikijaa vumbi la pamba vinateleza kama vimepakwa sabuni. Vipanguse kwa kitambaa chenye spiriti, viache vikauke. Kitambaa kikiwa chembamba sana, usikunje mara mbili ili kukaza, maana tabaka la juu litateleza juu ya la chini. Weka ukanda wa msasa laini chini ya pete ya kubana.

Kipenyo cha duara nacho kina maneno. Duara dogo linakamata kitambaa karibu na kifungo, kitambaa hakipati nafasi ya kunyumbuka, na namba zinabadilika. Chagua moja, andika kipenyo kwenye fomu, usibadilishe katikati ya oda.

Klampu ya juu ina makosa yake mawili, nayo yanavuta pande tofauti. Taya zikishuka hadi kukamata uzi wa kitambaa pamoja na kifungo, unapata namba nzuri za uongo. Zikikazwa kupita kiasi, zinaponda kofia na kulegeza mkunjo wa meno kabla hujavuta, unapata namba mbaya za uongo. Ncha za taya ziingie chini ya ukingo wa kifungo, na ukichungulia kutoka pembeni uone mwanga kati ya taya na kitambaa. Kaza hadi kifungo kisizunguke kwa kidole, basi.

Kumbuka kifungo cha kubonyeza kina pande mbili, dume na jike, na kila upande una kipande cha mbele na cha nyuma. Kila upande unapimwa peke yake. Jike likipita usidhani dume limepita. Mara nyingi limefungwa na kituo kingine cha presi, chenye kimo kingine cha kushuka.

Muhimu kuliko namba ni safu ya "kimeshindwaje". Tumia maneno manne tu: kitambaa kimechanika, meno yamechomoka, kifungo kimeachana vipande, sampuli imeteleza. Ukiona meno yamechomoka yakiwa yamenyooka, presi haikushuka vya kutosha na meno hayakujikunja. Ukiona kitambaa kimekatika kwa duara safi sawa na pete, presi imeshuka mno na meno yamekikata tangu mwanzo. Hapo kifungo kinaweza kufaulu leo na kushindwa baada ya kufuliwa. Kitambaa kikichanika kwa mistari kutoka kwenye tundu la kila jino, ni chembamba kwa kifungo hicho: ongeza kitambaa cha gundi ndani ya mkunjo, au omba kifungo chenye meno mafupi. Stendi haitatibu lolote kati ya hayo, lakini ndiyo itakayokuambia uende kwa fundi wa presi au kwa mnunuzi wa malighafi.

Mwisho, miwani. Kifungo kinachoachana kwa 110 N kinaruka hadi usoni, na kichwa cha anayesoma geji kipo usawa wake.

mawe_ya_mzani alijibu:

Kuhusu kuhakiki geji. Cheti cha mwaka kibaki cha maabara ya metrolojia, ya KEBS au TBS (mashirika ya viwango ya Kenya na Tanzania) kulingana na ulipo. Kati ya vyeti, ukaguzi wa wiki unafanyika kwa mawe ya mzani yaliyogongwa muhuri: kilo 2, 5 na 10. Geuza stendi isihusike: geji ibaki wima kwenye kibebeo, ndoano chini, ning'iniza jiwe, subiri litulie, soma.

Tahadhari hapa: usizidishe kwa 9.81. Hiyo ni ya latitudo za kati. Huku kwetu karibu na ikweta, Nairobi na Dar es Salaam zote, mchapuko wa mvutano wa dunia ni takriban 9.78 m/s². Kilo 10 ni 97.8 N, si 98.1. Kilo 5 ni 48.9.

Ning'iniza kwa kupanda, 2, 5, 10, kisha shusha kwa mpangilio uleule ukirudi. Ukitoa vyote, geji irudi sufuri. Ikibaki na 3 N bila mzigo, na ukifuta sufuri inarudia baada ya mzigo unaofuata, seli ilizidiwa siku fulani, labda mtu aligonga klampu ya juu kwenye bamba. Irudi kwa mtengenezaji, usiendelee kuifuta.

robo_milimita:

Mkuu, 9.78 ni sahihi, ila tusimtishe mwenye swali. Geji ya 500 N yenye usahihi wa asilimia 0.2 ya kipimo chote ina ruhusa ya kukosea 1 N popote, iwe kwenye 20 N au 400. Tofauti ya 0.3 N kwenye kilo 10 inamezwa humo. Ingekuwa geji ya 50 N, yenye ruhusa ya 0.1 N, hapo 9.81 ingemfanya aikatae geji nzima bila kosa.

Linalomhusu zaidi ni kutochanganya tarakimu na usahihi. Skrini kuonyesha 90.04 hakumaanishi kwamba hizo sehemu za mia zinajulikana. Na akishawishika kununua geji moja kubwa ya kazi zote, mfano 1000 N ya asilimia 0.5, ruhusa yake ni 5 N. Kwenye kikomo cha 90 hiyo ni zaidi ya asilimia 5, kifungo cha 86 kinaweza kupita na cha 94 kikashindwa. Kwa kazi ya 90 N, geji ya 200 hadi 500 inatosha.

mawe_ya_mzani:

Nakubali. Lakini 9.78 ina kazi nyingine ambako haimezwi na kitu: siku geji ikiwa maabara na kontena halisubiri. Kipimo cha kushikilia unaweza kukifanya kwa uzito tupu. 90 N gawa kwa 9.78 ni kilo 9.20. Kwa 15 lbf ni kilo 6.82. Uzito huo uwe wa kila kinachoning'inia, jiwe, ndoano na klampu ya taya pamoja. Vipime vyote kwenye mzani mmoja. Bana kitambaa juu, kifungo kikitazama chini, weka jiwe juu ya jeki ndogo ya mkasi na uishushe polepole ndani ya sekunde 5 hadi mzigo wote uning'inie. Hesabu 10. Uzito haulegei kitambaa kinapolegea, kwa hiyo kwa kushikilia peke yake njia hii ni nyoofu kuliko gurudumu. Haikupi akiba, inakupa ndiyo au hapana.

Chini weka ndoo yenye mchanga. Kilo tisa zikidondoka mguuni si mchezo.

sindano_90:

Swali dogo la mwisho. Sufuri ya geji: naifuta kabla ya kukamata kifungo au baada?

pimamaji:

Kabla. Klampu ya taya ya gramu 600 peke yake inaning'inia karibu 6 N. Ikishafungwa na geji ikiwa wima, futa, skrini isome sufuri. Kisha shusha, kamata kifungo, na utazame: kama kitambaa kimeshavutika kwa 3 au 4 N wakati wa kukamata, geji itakuonyesha, nawe utalegeza gurudumu hadi irudi karibu na sufuri. Ukifuta baada ya kukamata, hizo 4 N umezifukia, na kila sampuli itakuwa na kiasi chake kilichofukiwa. Hiyo nayo ni sehemu ya mtawanyiko wako.

Hakikisha pia kitufe cha kubadilisha kizio hakijaguswa. Kwenye geji nyingi N, kgf (kilo za nguvu) na lbf ziko kitufe kimoja, karibu na cha sufuri. Ukitazama skrini ikasoma 9.2 na kifungo hakijang'oka, usizungushe zaidi kabla ya kusoma herufi zilizo pembeni mwa namba.

chaki_ya_fundi:

Na nguo zipumzike kabla ya kupimwa. Kiwango cha ISO 139, cha hali ya hewa ya chumba cha kupimia vitambaa, kinataka joto la nyuzi 20 za Selsiasi na unyevu wa asilimia 65. Kama chumba hicho hakipo, angalau sampuli za asubuhi na za mchana zikae mahali pamoja, mbali na pasi ya mvuke, na joto na unyevu wa chumba viandikwe kwenye fomu. Pamba iliyotoka kwenye mvuke sasa hivi haivutiki sawa na iliyokaa rafuni tangu jana.